Tiki Mbili na Kimya cha Msimamizi

Watu wawili wakizungumza uso kwa uso, mmoja akimaliza kuuliza, mwenzake huanza kujibu baada ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani milisekunde 200. Ni muda wa kufumba na kufumbua, wala si kwa maana ya nahau. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake, kutoka Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha mjini Nijmegen, Uholanzi, walichapisha vipimo vya majibu ya maswali ya ndiyo au hapana katika lugha kumi, zikiwamo Kijapani, Kiitalia, Kikorea na lugha moja ya wawindaji wa Namibia. Wajapani ndio waliokuwa wepesi kuliko wote, kwa wastani wa milisekunde 7. Wadenmark walikuwa wa mwisho, kwa milisekunde 469. Lugha zote kumi, pamoja na tofauti zote za mila na sarufi, zilienea ndani ya nusu sekunde. Kiswahili hakikupimwa, lakini yeyote aliyewahi kukaa kijiweni anajua kwamba sisi si watu wa kuchelewa kudakia.

Tujiulize kwanza jambo rahisi: milisekunde 200 zinatosha kufanya nini? Maabara zimepima muda anaohitaji mtu kutaja jina la kitu alichoonyeshwa pichani, neno moja tu, tuseme kiti au mbuzi. Ni kama milisekunde 600. Sentensi nzima huhitaji zaidi ya sekunde moja kabla mdomo haujafunguka. Hapo hesabu zinagoma kukubaliana. Mtu anayejibu baada ya milisekunde 200 hawezi kuwa alingoja mwenzake amalize ndipo aanze kufikiri. Alianza kutunga jibu huku bado anasikiliza, akikisia sentensi itaishia wapi kwa kufuata jinsi sauti inavyoshuka, jinsi maneno yanavyojipanga, na lile "au siyo?" linaloning'inizwa mwishoni. Kuzungumza ni kazi ya kukisia, na sote ni mafundi wake. Wamarekani watatu, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, waliziandika kanuni za ufundi huo mwaka 1974: kwa kawaida husema mmoja, zamu hubadilika pale ambapo kauli inaweza kuhesabika kuwa imekamilika, na kati ya zamu na zamu pengo huwa dogo sana.

Kwa sababu pengo la kawaida ni dogo, pengo kubwa hubeba habari. Muulize jirani, "Utaniazima baiskeli kesho?" Akisema "chukua" papo hapo, yamekwisha. Akinyamaza sekunde moja, kisha akaanza na "Eee, kesho...", umeshajibiwa kabla hajafika kwenye jibu lenyewe. Uchunguzi wa mazungumzo yaliyorekodiwa umeonyesha hivyo hivyo: kukubali huja haraka, na pengo likishapita milisekunde 700 au zaidi, majibu ya kukataa na kusitasita huzidi. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kanuni hii. Tumekua nayo tangu tukiwa watoto wa kuagizwa chumvi dukani, na tunapoingia kwenye kuchati tunaingia nayo mfukoni.

Tuseme yuko mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyepanga chumba Ipagala, upande wa mashariki wa jiji. Chuo chake, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko huko huko mashariki, kwenye vilima vya Chimwaga. Ana pendekezo la utafiti la kumaliza na msimamizi wa kumpata. Saa mbili usiku anaandika, "Shikamoo Dr." Tiki moja. Tiki mbili. Baada ya muda zinageuka bluu. Kisha hakuna kitu hadi kesho yake mchana. Usiku kucha kichwa cha mwanafunzi kinafanya hesabu ya jirani na baiskeli: amekasirika, sura ya tatu ni mbovu, hataki kunisimamia. Kanuni ya milisekunde 700 imetumiwa kupimia kimya cha saa kumi na sita. Ili kuona kwa nini hesabu hiyo ni batili, tuifuate meseji yake hatua kwa hatua.

Tiki ya kwanza inasema meseji imefika kwenye seva, ile kompyuta ya WhatsApp inayopokea na kugawa. Ya pili inasema imeingia kwenye simu ya mpokeaji. Simu ikiwa imezimwa, au bando limeisha, meseji hubaki kwenye seva ikingoja. Rangi ya bluu, iliyoletwa na WhatsApp Novemba 2014, inasema mazungumzo yale yamefunguliwa kwenye kioo. Haisemi kwamba yamesomwa kwa makini, wala kwamba aliyeyafungua alikuwa amekaa. Huenda alikuwa amesimama ndani ya daladala, mkono mmoja bombani.

Safari yenyewe inachukua muda gani? Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi kwa barabara, na mwanga huzimaliza kwa milisekunde mbili na nukta kidogo. Hata meseji ikizungushwa kilomita 20,000, kwenda ng'ambo na kurudi, ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Minara ya simu na mitambo ya njiani huongeza chake, lakini bado tuko ndani ya sekunde chache.

Kulikuwa na wakati safari hiyo ilikuwa na hatia. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, mawasiliano yetu na nchi za mbali yalitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti ilipanda na kushuka kwa robo sekunde, na jibu likachukua robo nyingine. Nusu sekunde! Rudi kwenye zile milisekunde 200 utaona kwa nini watu waliokuwa wakiwapigia ndugu zao Ulaya walikuwa wakigongana maneno: kila mmoja alidhani mwenzake amenyamaza, akaanza kusema, na papo hapo maneno ya mwenzake yakawasili. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri, na kamwe isizidi 400.

Kidole gumba nacho hakina hatia. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, la watu 37,000 wakichapa kwenye simu zao, lilipata wastani wa maneno 36 kwa dakika, nao walikuwa wakichapa Kiingereza. Jibu la maneno 40 lingemchukua msimamizi dakika moja, au mbili akiwa mzito wa mikono. Zilizobaki katika zile saa kumi na sita ziko mahali pengine: kwenye foleni.

Wakazi wa Dodoma tunaijua foleni ya ndoo bombani, basi tuitumie hiyo. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika mbili. Ndoo mpya inaletwa, kwa wastani, kila baada ya dakika mbili na nusu. Kwa haraka haraka unaona bomba linatosha: kazi yake ni asilimia 80 ya muda wake, na nafasi inabaki. Ndoo zingekuja kwa mpangilio, moja kila dakika mbili na nusu, hakuna ambaye angengoja hata kidogo. Lakini watu hawaji hivyo. Saa kumi na moja jioni wanafika wanne kwa mpigo, halafu robo saa nzima bomba halina mtu. Ile robo saa tupu haiwekwi akiba ya kuwasaidia wale wanne. Hasara yote inaangukia upande mmoja, na ndiyo chanzo cha foleni hata pale ambapo uwezo unazidi mahitaji.

Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za jambo hili mwaka 1909. Swali lake lilikuwa la kikazi kabisa: laini ngapi, na wapokea simu wangapi, watatosha mji mzima? Katika foleni ya mhudumu mmoja, ambako wateja huja bila mpangilio na kila mmoja ana kazi ya urefu wake, jibu ni jepesi kushangaza. Mhudumu akiwa na shughuli nusu ya muda wake, mteja hungoja kwa wastani muda unaolingana na wa kuhudumia mtu mmoja. Shughuli zikifika asilimia 80, hungoja mara nne ya muda huo. Asilimia 90, mara tisa. Asilimia 95, mara kumi na tisa. Unagawa sehemu yenye shughuli kwa sehemu iliyobaki wazi, basi.

Tuiweke kwa msimamizi wetu. Swali la mwanafunzi mmoja linahitaji dakika sita za kusoma na kujibu. Akiwa na shughuli nusu ya muda aliotengea meseji, swali lako litangoja dakika sita kabla halijaguswa. Mwezi wa kuwasilisha tasnifu, shughuli zikipanda hadi asilimia 95, litangoja dakika 114. Na dakika hizo si za saa ya ukutani. Ni za ule muda anaoutoa kwa meseji tu. Kama ni saa moja kwa siku, baada ya vipindi, vikao na kusahihisha, dakika 114 ni karibu siku mbili. Hapo hakuna aliyekasirika wala aliyezembea. Idadi ya wanafunzi wake haikuongezeka hata maradufu, ilhali kungoja kumeongezeka mara kumi na tisa. Nadhani hili ndilo jambo ambalo vyuo vyetu, vinapogawa wanafunzi kwa wasimamizi, havilitazami vya kutosha: kumwongezea mtu aliyekaribia kujaa wanafunzi wawili zaidi si sawa na kumwongezea wawili yule mwenye nafasi.

(Kwa wanaopenda mambo ya pembeni: seva za WhatsApp, huduma iliyoanzishwa na Jan Koum na Brian Acton mwaka 2009, zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Erlang, iliyobuniwa na kampuni ya Ericsson ya Sweden katika miaka ya 1980 na kupewa jina la huyo huyo bwana wa Copenhagen. Kila "Shikamoo Dr." inapita mikononi mwake.)

Foleni ya meseji inatofautiana na ya ndoo kwa jambo moja zito. Bombani aliyetangulia hutangulia. Msimamizi hafuati utaratibu huo. Huangalia orodha na kuchagua. Swali la ndiyo au hapana hujibiwa kwanza kwa sababu ni jepesi, barua ya mkuu wa ndaki kwa sababu ni ya mkuu, na sura ya tatu yenye kurasa 28 husogezwa "hadi nitakapotulia". Mwaka 2005 mwanafizikia Albert-László Barabási alionyesha kwa hesabu matokeo ya kuchagua hivyo. Mambo mengi hupata jibu haraka sana, na machache hungoja muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu kila linalokuja jipya na la maana zaidi hulipita lile lililokaa. Mwaka huo huo, yeye na João Oliveira walizichambua barua za Charles Darwin na Albert Einstein. Kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, Darwin alijibu asilimia 32 ya barua alizopokea, Einstein asilimia 24. Asilimia 63 ya majibu ya Darwin na 53 ya Einstein yalitoka ndani ya siku kumi. Mengine yalichukua miezi, na hata miaka. Hawakuwa na simu wala tiki za bluu, na mkia ule ule mrefu ulikuwepo.

Mkia huu unaharibu maana ya neno "kawaida". Chukua majibu kumi ya msimamizi wetu wa kubuni, kwa dakika: 5, 10, 10, 15, 20, 30, 30, 60, 180 na 1,240. Jumla ni 1,600, kwa hiyo wastani ni dakika 160, yaani saa mbili na dakika 40. Lakini angalia: majibu manane kati ya kumi yalikuja ndani ya saa moja. Hakuna hata jibu moja lililochukua saa mbili na dakika 40. Wastani umevutwa juu na jibu moja la saa ishirini na dakika 40. Yoram Kalman na wenzake, waliochunguza barua pepe za kampuni, mijadala ya kozi za chuo kikuu na huduma ya maswali ya kulipia, walikuta sura hii hii mwaka 2006: angalau asilimia 80 ya majibu huja kabla ya wastani kutimia, na yasiyozidi asilimia 4 huja baada ya mara kumi ya wastani. Mwanafunzi aliyezoea kujibiwa ndani ya nusu saa hupata mshtuko jibu la kumi linapoangukia mkiani. Lakini mkia haukumchagua yeye. Utawafikia wote, mmoja baada ya mwingine.

Sasa turudi kwenye ile "Shikamoo Dr." iliyotumwa peke yake, kwa sababu hapa ndipo tuna la kufanya. Tazama mazungumzo ambayo kila aliyepita chuo Tanzania ameyaona:

"Shikamoo Dr."
"Marahaba."
"Habari za kazi?"
"Salama."
"Samahani Dr., nilikuwa na swali kidogo."
"Uliza."
"Je, kaya 60 zinatosha kwa sampuli?"
"Ongeza zifike 90."

Ofisini mazungumzo haya yangechukua sekunde 15. Duru nne, kila moja ikigeuka kwa milisekunde 200. Kwenye meseji kila duru inaingia upya kwenye foleni. Kwa msimamizi wetu wa dakika 160, duru nne ni dakika 640 kwa wastani: saa kumi na dakika 40 kujua kwamba 60 ziwe 90. Ubaya hauishii hapo. Kama jibu moja kati ya kumi huangukia mkiani, uwezekano wa duru moja kupona ni 0.9, na wa duru zote nne kupona ni 0.9 mara yenyewe mara nne, yaani 0.66. Karibu mara moja katika kila mazungumzo matatu, mwanafunzi atakwama mahali fulani katikati, pengine kwenye "Habari za kazi?", na swali lenyewe bado limo kichwani mwake.

Gharama ya kuchati iko kwenye duru. Maneno ni rahisi. Maneno 60 hayachelewi kusomwa kuliko sita kiasi cha kuhesabika. Kila duru unayoiondoa ndiyo inayookoa saa.

Najua pingamizi. Mtoto wa watu aliyelelewa vizuri haanzi kuuliza kabla hajaitikiwa. Hapa Dodoma, kwa Wagogo, "mbukwenyi" hufuatwa na habari za nyumbani, za mifugo na za mvua kabla shida haijatajwa, na anayeruka hatua hizo huonekana ana haraka ya mwizi. Naliheshimu hilo, na sishauri shikamoo iondolewe. Uso kwa uso salamu hufanya kazi mbili kwa pamoja: inatoa heshima, na inapima kama mwenzako yuko tayari kukusikiliza. Kwenye meseji kazi ya pili haipo, kwa sababu meseji haimkatizi mtu. Itasomwa atakapokuwa tayari. Inabaki heshima, na heshima haihitaji kuitikiwa ndipo iwe imetolewa. Barua tulizofundishwa kuandika shule ya msingi zililijua hili. Zilikuwa na salamu, kisha "baada ya salamu", kisha "dhumuni la barua hii", vyote ndani ya bahasha moja. Hakuna aliyetuma "Salamu nyingi sana" kwa posta na kungoja wiki mbili aitikiwe ndipo aseme anaomba ada.

Basi mwanafunzi wetu angeandika hivi: "Shikamoo Dr. Natumaini u mzima. Ni mimi wa utafiti wa maji Ipagala. Sampuli yangu ni kaya 60. Naomba kujua kama zinatosha. Nimepanga kuanza kukusanya data Jumatatu. Nisipopata maelekezo mengine hadi Jumapili jioni, nitaanza na hizo 60 kisha niongeze ukiagiza." Duru moja. Ile sentensi ya mwisho ni ya thamani kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inakipa kimya maana ambayo wote wawili wamekubaliana. Msimamizi asipojibu, mambo hayasimami. (Usiitumie kwa jambo lisiloweza kurekebishwa, kama kuwasilisha nakala ya mwisho.)

Na kukumbusha je? Oktoba 1986 intaneti changa ilipata somo kuhusu hili. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ya data ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikituma, zikikosa uthibitisho haraka, zikituma tena. Nakala zikajaza foleni, uthibitisho ukazidi kuchelewa, nazo zikazidi kutuma. Van Jacobson, aliyechapisha dawa yake mwaka 1988, alizifanya kompyuta zipunguze mwendo zinapoona dalili za msongamano, na zipime muda wa majibu yaliyopita pamoja na jinsi unavyobadilikabadilika kabla ya kuamua kwamba kitu kimepotea. Jaribio likishindwa, subira inayofuata huwa maradufu.

Kwa msimamizi ambaye jibu lake la kuchelewa kabisa huchukua siku moja, kumkumbusha baada ya saa tatu ni kuongeza ndoo kwenye foleni. Baada ya siku mbili ni sawa. Akinyamaza tena, siku nne. Ni kweli kwamba kukumbusha kunasaidia, kwa kuwa meseji mpya hupandisha jina lako juu ya orodha, na cha juu ndicho kinachoonekana kwanza. Ndiyo maana kila mwanafunzi hufanya hivyo, na wote wakifanya, wote wanarudi pale pale walipokuwa, ila sasa orodha ina meseji mara mbili. Kompyuta nazo zina adabu moja ambayo wasimamizi wangeiga: hutenganisha "nimepokea" na jibu. "Nimeiona, nitaisoma Alhamisi" huchapwa kwa sekunde tano, na humwondolea mwenzako usiku mzima wa kukisia.

Kuna tatizo dogo la mpangilio, tulipitie upesi. Kwenye mazungumzo ya mdomo mtu anasikia mwenzake akianza kusema, kwa hiyo hunyamaza. Kwenye meseji maneno hutungwa gizani na kutokea yote kwa pamoja, na kile kialama cha "anaandika..." hakisemi anaandika nini. Mwanafunzi anauliza, "Je, nitumie hojaji?" Msimamizi anaanza kuandika. Kabla hajatuma, mwanafunzi anaongeza, "Au niache kabisa sura hiyo?" Kisha linaibuka jibu: "Ndiyo." Nimesikia wanafunzi wakijadili "ndiyo" ya namna hiyo kama mahakimu. Dawa ni kulivuta swali lenyewe na kulijibu kwa kulinukuu, kitufe ambacho WhatsApp sasa inacho.

Pamoja na hayo yote, sipendi mtu aondoke akidhani upesi ndio ubora. Mmarekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu wa sayansi hungoja baada ya kuuliza darasani kabla ya kudakia wenyewe au kumgeukia mwanafunzi mwingine. Ilikuwa kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, "sijui" zilipungua, na waliozoea kukaa kimya walianza kuzungumza. Sekunde mbili za ziada tu. Uso kwa uso ni vigumu kuzipata, maana ile kanuni ya milisekunde 700 inamfanya anayefikiri aonekane hajui. Meseji inazitoa bure, tena kwa saa. "Kwa nini umechagua kaya na si watu mmoja mmoja?" ni swali linalostahili usiku mzima, na mwanafunzi anayelijibu dakika hiyo hiyo huenda hajalijibu.

Kwa hiyo si kila swali linastahili mdundo mmoja. Yako maswali yanayomalizwa na meseji moja. Yako yale yanayohitaji duru nyingi, mwalimu anauliza, mwanafunzi anajitetea, mwalimu anabana, na hayo huteseka kwenye foleni hata yakiandikwa kwa adabu gani. Kwa haya ya pili naona afadhali saa maalumu: msimamizi atangaze kwamba Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa moja jioni, atakuwa kwenye simu kwa ajili ya wanafunzi wake. Hesabu yake kwa juu juu inatisha. Meseji inayotumwa wakati wowote wa siku za kazi itangoja kwa wastani saa kama kumi na mbili, mbaya kuliko zile dakika 160. Lakini hakuna itakayongoja mwisho wake usijulikane, na saa yenyewe ikifika, wote wawili wapo, vidole viko tayari, na duru nne zinakwisha kwa dakika tano. Nani angechagua wastani mdogo wenye mkia, na nani angechagua saa inayojulikana? Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu mwezi Juni, kisha waulize wasimamizi wao, usishangae majibu yakitofautiana.